Gari Linakula Mafuta: Kabla Hujanunua Kifaa, Pima

Ndugu zangu madereva, wenye magari, na nyinyi vijana wa gereji mlioacha kazi kuja hapa, karibuni. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikishatangaza bei kikomo za mafuta, simu za mafundi huanza kuita: “Fundi, gari langu linakula mafuta.” Na mara nyingi jibu linakuwa ni kwenda kununua: plagi, nozeli, sensa. Mimi kwanza nauliza: linakula kiasi gani, na umejuaje?

Kuweka ya elfu ishirini leo na ya elfu thelathini kesho hakukupi jibu. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha tripu sifuri, endesha kama kawaida yako, halafu kajaze tena kwenye pampu ileile. Ukiwa umetembea kilomita 320 na zikaingia lita 26, gawanya: ni kilomita 12 na ushee kwa lita. Rudia mara mbili tatu ndipo uamini. Na kama umebadilisha saizi ya tairi, angalia. Ukitoka 185/65 R15 kwenda 195/65 R15, tairi imekua kwa kama asilimia 2, kwa hiyo odomita inaandika kilomita chache kuliko ulizotembea. Hapo utalaumu injini bure.

Sasa niingie kwenye jambo lililonileta: thamostati. Ni valvu ndogo inayokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi inafunga, ili joto lipande haraka. Ikifika nyuzi 80 na kidogo inaanza kufunguka. Gari likichemsha, mafundi wengi wanaing'oa na kumwambia mteja, “Hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi.” Jambo hili linaniuma sana, kwa sababu mteja anaondoka akishukuru, na kuanzia siku hiyo analilipia kila anapoingia kituo cha mafuta.

Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma joto la maji. Ikiona injini bado ya baridi, inaongeza petroli, kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na choki kwenye magari ya kabureta. Bila thamostati, injini inachelewa kupata joto, na wakati mwingine hailipati kabisa. Ukiwa kwenye foleni ya Kimara saa nane mchana huenda usigundue. Lakini shika barabara usiku upepo ukipiga rejeta, au nenda Njombe na Makete mwezi wa saba, petroli inamwagwa safari nzima. Nyingine haiungui, inateremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili, na injini inalika.

Magari mengi madogo tuliyonayo hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu tu. Taa hiyo huzimika mapema, kabla injini haijafika joto lake la kazi, kwa hiyo isikutulize. Chomeka mashine ya kupimia, ile inayosoma kompyuta ya gari, tembea na gari barabarani, soma joto: lipande lipite 80 na libaki huko. Kama mashine inaleta namba ya hitilafu P0128, maana yake ni hiyohiyo, injini haifiki joto. Huna mashine? Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, washa, kisha gusa mpira wa juu wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Mpira huo unatakiwa ukae bila joto kwa dakika kadhaa, halafu upate moto ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, thamostati haipo au imeganda wazi.

Irudishwe, iliyo ya injini hiyo. Ila kwanza atafutwe mchawi aliyefanya gari lichemshe: mfuniko wa rejeta, rejeta iliyoziba, feni, gasketi ya silinda hedi. Na weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, si maji ya bomba.

Mzee wangu pale mbele ameuliza kuhusu sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa egzosi. Ni kweli, mzee, ikifa inaweza kupandisha ulaji sana. Lakini plagi moja ikimisi, yaani isipowasha, hewa ambayo haikuungua inatoka na oksijeni yake, sensa inaiona, kontroli boksi inadhani mafuta ni machache na inaongeza. Egzosi iliyotoboka kati ya injini na sensa inaleta matokeo hayohayo. Ukibadilisha sensa hapo umemfunga shahidi, ukamwacha mkosaji.

Chujio la hewa, kwa injini za sindano, zisizo na kabureta, halina lawama kubwa hivyo. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilichapisha vipimo mwaka 2009: likiziba, gari linapoteza nguvu za kuchomoka, ulaji haubadiliki sana. Upepo wa tairi fuata karatasi ya kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Na breki: baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kalipa, kile kinachobana breki, haiachii. Nyanyua tairi hiyo kwa jeki, uizungushe kwa mkono.

Dada uliyenyoosha mkono, gari lako liko hapo nje? Vizuri. Mashine ninayo. Tutoke wote, ulipige stati, vijana wasome joto lenyewe kabla hatujaendelea na maswali.