Uso Kwanza: Mhadhara kwa Wapiga Picha Chipukizi, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie kupata mwanga sahihi kwenye kamera ya dijitali, na langu nalisema mapema: mwanga sahihi ni ule unaoutendea haki uso wa mtu. Mengine yaufuate uso.

Kamera haijui inapiga nini. Kipimamwanga chake hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, si ule unaokiangukia, kisha hukadiria kana kwamba dunia nzima ni kijivu cha wastani. Shela jeupe likijaza fremu, kamera itapunguza mwanga hadi shela liwe la kijivu, na uso wa bibi harusi utazama gizani. Suti nyeusi ikijaza fremu, itaongeza mwanga hadi shati la ndani liungue, yaani libaki weupe mtupu usio na alama. Kuta nyeupe za kanisa la Azania Front, mchanga wa Coco Beach, kanzu za Idi, vyote huipotosha kamera vivyo hivyo. Dawa ni kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake. Penye weupe mwingi ongeza stopu moja, penye weusi mwingi punguza moja. Mkono utataka kufanya kinyume, ukatazeni.

Tundu la lenzi linalopitisha mwanga, kasi ya shata inayoamua mwanga uingie kwa muda gani, na ISO mnavifahamu, sitakaa hapo. Ila ISO haiingizi mwanga wowote, hukuza tu kile kilichoingia, ndiyo maana picha ya ukumbini usiku hujaa chenga.

Sasa ngozi zetu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwa miaka mingi kadi za Kodak za kusawazishia rangi maabara, zilizojulikana kama Shirley, zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe. Uso kama wetu haukuwa kipimo cha mtu. Vifaa vya leo vimeboreka sana, lakini jukumu limebaki kwako. Ukipima kwa nukta moja kwenye uso mweusi, kamera itauinua kuwa kijivu, ung'aavu wa ngozi upotee; punguza kati ya theluthi mbili na stopu nzima. Na mtu akisimama na bahari inayometa nyuma yake, pima uso, bahari iache iungue ikibidi. Hakuna mama atakayelia kwa sababu mawimbi hayakuonekana.

Jua letu nalo ni gumu. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, adhuhuri ya Dar hupitiwa na jua utosini kabisa, macho yakabaki mashimo ya kivuli. Hakuna namba ya kamera itakayoponya hilo. Mpeleke mtu chini ya mkungu, aelekee upande ulio wazi. Juani, kwa f/16 (tundu dogo la lenzi; namba ikipungua, tundu hupanuka) na ISO 100, kasi ni kama 1/100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/8, itakuwa 1/400. Kivulini anza na f/4 kwa 1/100, halafu sahihisha.

Kusahihisha huko msikufanye kwa kutazama kioo cha kamera, maana juani picha nzuri huonekana nyeusi. Fungueni histogramu, ule mchoro wa mlima unaoonyesha giza la picha kushoto na weupe kulia. Mlima ukibanana ukingo wa kulia, weupe umeungua, na ukiungua kabisa, hata faili la RAW, lile ghafi la kamera, halirudishi kitu. Ukibanana kushoto, giza linaweza kuinuliwa kiasi, kwa gharama ya chenga. Basi kabla ya kubonyeza, jiulize ni wapi hutaki kupoteza.

Tunatoka nje sasa. Kila mmoja apige uso wa mwenzake kivulini mara tatu: kamera ilivyopima, ukiongeza stopu moja, ukipunguza moja. Tukirudi, tutaanza na histogramu, picha baadaye.