Umeswapu, BNB Imekatwa, Tokeni Hazionekani Kwenye Waleti: Fuata Hivi

Haya wadau karibuni, leo naingia moja kwa moja maana najua wengi mnaofungua hii video mna presha muda huu, umeswapu, yaani umebadilisha, sarafu yako ya kidijitali ya BNB kupata USDT au CAKE au tokeni nyingine yoyote, BNB imekatwa, ada nayo imekatwa, afu ukicheki waleti hakuna kitu. Kwanza tulia. Usiswapu tena, usitume chochote, usifute aplikesheni kwenye simu, na tafadhali sana usiende kuuliza kwenye grupu lolote la Telegram mpaka tumalize. Nasema hivo kwa sababu hela nyingi za watu kwenye hizi ishu zinaondoka ile nusu saa ya kuhangaika, swapu yenyewe mara nyingi ilikuwa imekaa sawa kabisa.

Kabla hatujabonyeza popote elewa hiki kitu. Waleti yako, iwe MetaMask iwe Trust Wallet, haina tokeni ndani yake. Tokeni zimeandikwa kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja la mtandao, kwenye anwani yako, waleti kazi yake ni kutunza funguo na kukusomea salio, na kusoma kwenyewe inasoma zile tokeni inazozijua tu kwenye mtandao uliouchagua tu. Tokeni ikiwa haiko kwenye orodha yake haikuonyeshi hata kama unazo milioni moja. Kwa iyo skrini ikisema sifuri we usiiamini kwanza, tunaenda kuuliza blokucheni yenyewe.

Sasa fungua waleti, nenda kwenye historia ya miamala, bonyeza ile swapu yako, utaona sehemu ya kuangalia muamala kwenye eksplora, ile tovuti ya kusomea blokucheni, au ya kukopi hashi. Hashi ni ule mstari mrefu wa utambulisho wa muamala, kwenye mitandao kama BNB na Ethereum unaanza na 0x na una herufi na namba 66 ukihesabu na hiyo 0x yenyewe. Wale wa M-Pesa mtanielewa haraka, ni kama ile namba ya muamala inayokuja kwenye meseji, mtu akibisha kwamba hela haijafika unamsomea namba mambo yanaisha. Ukikopi kitu chenye herufi 42 hiyo ni anwani, sio hashi, rudi ukatafute vizuri.

Ukishaipata fungua brauza uende kwenye eksplora ya mtandao uliotumia. Kama ni mtandao wa BNB ni BscScan, Ethereum ni Etherscan, Polygon ni Polygonscan, Arbitrum ni Arbiscan, Solana ni Solscan, Tron ni Tronscan. Andika anwani ya tovuti mwenyewe kwa mkono, usisachi afu ukabonyeza tangazo la kwanza linalotokea juu, kuna tovuti feki zimetengenezwa zifanane na hizi na zinakuomba uunganishe waleti. Eksplora ya kweli kwa kazi hii haihitaji uunganishe waleti wala haikuombi neno lolote la siri, unapesti hashi unasoma, basi.

Angalia juu kabisa pale kwenye hali ya muamala. Ikiwa imeandikwa "Failed" kwa rangi nyekundu, maana yake swapu haikufanyika, na ile BNB uliyotaka kuswapu haijaenda popote, iko kwako. Kilichokatwa ni ada ya gesi tu, yaani ada ya mtandao, na hiyo hairudi, kwa sababu wale wanaothibitisha miamala kazi yao waliifanya hata kama mwisho wake umegoma. Pembeni pale huwa kuna sababu imeandikwa, ukiona INSUFFICIENT_OUTPUT_AMOUNT ujue bei ilisogea zaidi ya ile slipeji uliyoiweka, yaani kiwango cha bei kusogea ulichokubali, mkataba, ile programu ya kwenye blokucheni inayoendesha swapu, ukakataa kukupa tokeni chache kuliko ulichokubali. Ukiona EXPIRED ujue muamala umechelewa kuingia ukapitwa na muda, PancakeSwap, moja ya masoko ya kuswapia, kwa kawaida wanaweka dakika 20. Na ukiona gesi imeisha, kiwango cha gesi kiliwekwa kidogo. Hapo hakuna tokeni iliyopotea, wengi wanaopanik wako hapa hapa, wanaona ada imekatwa wanadhani na mzigo wote umeenda.

Ikiwa imeandikwa "Pending" subiri. Mtandao wa BNB sa hivi unafunga bloku kwa chini ya sekunde moja, Ethereum ni kila sekunde 12, kwa iyo muamala ukikaa robo saa nzima bado unasubiri mara nyingi gesi uliyoweka ni ndogo. Kwenye MetaMask utaona kitufe cha kuongeza kasi na cha kughairi, vyote vinafanya kazi kwa kutuma muamala mwingine wenye namba ileile ya mpangilio, ile inaitwa nonsi, kwa gesi kubwa zaidi, utakaowahi ndio unahesabika. Ukituma swapu nyingine mpya bila kumaliza huu wa kwanza, nayo itapanga foleni nyuma yake, na hapo ndio mtu anajikuta ana miamala minne imekwama na hajui ipi ni ipi.

Sasa tuje kwenye ile inayowachanganya watu zaidi, imeandikwa "Success" kwa kijani na waleti bado sifuri. Hapa ndio tunakaa.

Kwanza soma ule muamala ulikuwa wa kufanya nini. Unapoanza na tokeni kama USDT, soko kama PancakeSwap au Uniswap linakuomba vitu viwili, kwanza ruhusa ya kuigusa tokeni yako, afu ndio swapu yenyewe. Ukiona neno "Approve" pale kwenye eksplora, basi ulichofanikisha ni ruhusa tu, swapu hujaifanya bado, tokeni zako za mwanzo ziko palepale. Rudi ukamalizie uthibitisho wa pili.

Kama ni swapu kweli, shuka kidogo mpaka sehemu inayoonyesha tokeni zilizohamishwa. Pale kuna mistari kadhaa, kutoka nani kwenda nani, kiasi gani. Usitishike na ile mistari ya katikati, hizo ni tokeni zinazunguka kwenye mabwawa ya soko, yaani akiba za tokeni zinazotumika kuswapia. We tafuta mstari ambao anayepokea ni anwani yako, na uilinganishe anwani yote, usiishie herufi nne za mwanzo na nne za mwisho, maana matapeli siku hizi wanatengeneza anwani zinazofanana mwanzo na mwisho. Ukikuta mstari huo, tokeni zimefika, umebaki kuziamsha kwenye waleti tu.

Na kama uliswapu kwenda BNB yenyewe, au ETH yenyewe, usipoiona kwenye hiyo mistari usianze kulia, sarafu mama ya mtandao sio tokeni, haitokei pale kama tokeni. Bonyeza ile tabu ya miamala ya ndani, imeandikwa "Internal", utaikuta pale. Wakati mwingine pia unakuta umepokea WBNB au WETH, hiyo ni BNB au ETH iliyovalishwa koti ili ifanye kazi kama tokeni, thamani ni ileile, moja kwa moja, unarudi palepale kwenye soko unaswapu WBNB kwenda BNB, unalipa gesi ndogo imeisha.

Kuamsha tokeni kwenye waleti ni hivi. Palepale kwenye eksplora, bonyeza jina la tokeni uliyopokea, itakufungulia ukurasa wa tokeni, kopi anwani ya mkataba wake. Afu ilinganishe na ile iliyoko kwenye tovuti za orodha za tokeni, CoinGecko au CoinMarketCap, kwa jina la tokeni hiyo na mtandao huo, hii hatua usiiruke hata kama una haraka kiasi gani. Kwenye MetaMask ingia sehemu ya tokeni, tafuta "Import tokens", chagua mtandao husika, pesti ule mkataba, jina na desimali, yaani idadi ya tarakimu baada ya nukta, zitajijaza zenyewe, thibitisha. Kwenye Trust Wallet unaingia sehemu ya kusimamia kripto, unasachi jina, unawasha kile kiswichi, na kama haipo unaongeza kwa mkono kwa mkataba uleule. Salio linatokea papo hapo.

Hapo kwenye desimali naomba mnisikilize vizuri. Zisipojijaza zenyewe usibunie namba, soma kwenye ukurasa wa tokeni kule eksplora. USDT ya Ethereum ina desimali 6, USDT ya mtandao wa BNB ina desimali 18, jina moja, mitandao miwili, hesabu tofauti. Una USDT 100 za Ethereum, ukaandika 18 badala ya 6, waleti itakusomea 0.0000000001, unaona sifuri tupu unaanza kutafuta mwizi wakati hela yako imekaa palepale inakungoja.

Ukishaongeza na bado haionekani, angalia mtandao. Anwani yako ya 0x ni ileile kwenye Ethereum, BNB, Polygon, Arbitrum na Base, lakini salio la kila mtandao ni la peke yake. Umeswapu kwenye BNB afu waleti imesimama kwenye Ethereum, haitakuonyesha kitu. Matoleo mapya ya MetaMask yana kichujio cha mitandao pale juu ya orodha ya tokeni, weka mitandao yote ujionee. Kama unauongeza mtandao kwa mkono, namba ya utambulisho wa mtandao (Chain ID) ya BNB ni 56, Polygon ni 137, Arbitrum ni 42161, Base ni 8453. Cheki pia akaunti, waleti moja inaweza kuwa na akaunti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na anwani yake, na watu wengi wanaswapu na hii wanaangalia ile.

Kama swapu yako ilivuka mtandao, yaani umetoa USDC Polygon ukitaka ipokelewe Arbitrum, basi kuna miamala miwili, mmoja kila upande. Wa kwanza kuwa kijani haumaanishi wa pili umeshafika. Daraja ulilotumia, yaani huduma ya kuvusha tokeni kati ya mitandao, lina ukurasa wake wa kufuatilia, unapesti hashi ya upande wa kutoka inakuonyesha umefika wapi. Yale madaraja rasmi ya Arbitrum na Optimism ukitoa hela kurudi Ethereum unasubiri takriban siku 7, ndivyo yalivyojengwa, na mwisho wake unarudi mwenyewe kuzidai. Na ukifika upande wa pili unaweza kukuta USDC.e badala ya USDC, ni tokeni nyingine yenye mkataba mwingine, kwa iyo nayo unaiongeza kivyake.

Kuna hali ambayo sitaki niwafiche. Tokeni imefika, umeiona, lakini ukitaka kuiuza inagoma kila ukijaribu. Hapo inawezekana umenunua tokeni ambayo mtengenezaji wake ameweka kwenye mkataba kwamba wengine wananunua tu, kuuza anauza yeye. Nyingine zinakata kodi kubwa kila zikihama, ndio maana umepokea chache kuliko ulivyoahidiwa. Au ulinunua feki yenye jina la tokeni maarufu, na ndio sababu nimesisitiza mkataba, kwa sababu jina na picha mtu yeyote anaweza kuweka. Hii hela mara nyingi ndio imeenda hivo, na mtu akikwambia ana mtambo wa kuirudisha anakudanganya. Unachoweza kufanya ni kwenda kwenye ukurasa wa kukagua ruhusa pale BscScan au Etherscan, ukafuta ruhusa zote ulizompa huyo mkataba, ili na USDT yako nyingine isije ikaguswa. Inakula gesi kidogo, ifanye leo.

Na ukiona kwenye waleti imeingia tokeni usiyoijua, ina jina lenye tovuti ndani yake, imeandikwa thamani dola elfu mbili, iache. Usiiguse, usiende hiyo tovuti, usijaribu kuiswapu.

Sasa ile ya Telegram. Mtu akiandika kwenye grupu tokeni zangu zimepotea, ndani ya dakika chache anafuatwa inboksi na watu wenye picha za nembo za Trust Wallet na MetaMask, wanaongea kwa upole sana, wanamtumia linki ya kusawazisha waleti au fomu ya kujaza, na ndani yake kuna nafasi ya yale maneno 12 au 24 ya siri ya kufungulia waleti. Ukiyaandika pale umeshamkabidhi mtu kila kitu, mitandao yote, tokeni zote, na zile utakazopokea kesho. Hakuna tatizo hata moja kati ya yote niliyowaonyesha leo ambalo linahitaji mtu mwingine ajue maneno yako, angalia upya video nzima, kila hatua tumetumia hashi na anwani, vitu ambavyo viko wazi kwa dunia nzima. Mnanisikia jamani, mama zetu na wadogo zetu wanaweka humu akiba ya miezi, wanaipoteza kwa fomu ya dakika mbili.

Ukifuata yote na bado umekwama niandikie hapo chini mtandao uliotumia, hashi ya muamala, na tokeni uliyotarajia kupokea, nitaifungua nikusomee. Nitajibu hapohapo kwenye komenti mbele ya watu wote. Inboksi sitakufuata, akaunti yoyote itakayokuja inboksi na picha yangu ibloki.