Ini, utumbo na bakteria wanaokula pamoja na sisi

Haya jamani asanteni, wale mliosimama kule nyuma sogeeni huku mbele viti vipo, sing'ati mtu. Leo naongelea ini lenye mafuta, na nitaanza na wagonjwa 20. Mwaka 1980 kuna mtaalamu wa patholojia anaitwa Jurgen Ludwig, yuko pale hospitali ya Mayo Clinic Marekani, yeye na wenzake wakaandika kuhusu watu 20 ambao ukichukua kipande cha ini lao ukakiweka kwenye hadubini unasema bila kusita huyu ni mlevi, mafuta yamejaa, seli zimevimba, wengine makovu yameshaanza. Sasa kasheshe ni kwamba hawanywi. Wengi walikuwa wanene, baadhi wana kisukari, lakini pombe hapana. Na kabla ya hapo unajua ilikuwaje, mgonjwa anasema sinywi, daktari anaitikia ndiyo ndiyo, alafu kwenye faili anaandika anachokiamini yeye.

Saivi ugonjwa huu unao karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne duniani, hesabu za karibuni zinafika hata asilimia 30, na wengi hawana habari kwa sababu ini haliumi. Tunasema ini lina mafuta pale zaidi ya seli 5 katika kila 100 zina matone ya mafuta ndani. Wengi wanabaki hapo hapo miaka yote. Wengine ini linaanza kuwaka ndani kwa ndani, seli zinakufa, makovu yanajijenga, na hiyo ndo njia ya kwenda kwenye sirosisi, yani ini kujaa makovu mpaka linashindwa kazi, na saratani.

Mafuta yenyewe yanatoka wapi? Ukiuliza hapa wote mtaniambia vyakula vya kukaanga. Mwaka 2005 kuna watafiti walifuatilia mafuta ya kwenye ini kwa wagonjwa wachache kwa kuyawekea alama, wakakuta kama asilimia 59 yametoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili yaliyokuwa yanazunguka kwenye damu, asilimia 26 ini limeyatengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 tu ndo yametoka moja kwa moja kwenye mafuta waliyokula. Kwahiyo mtu anaacha mafuta kabisa, anakula vikavu, alafu anashushia na soda mbili, na anashangaa mbona vipimo havishuki.

Tuiangalie hiyo soda basi. Soda ya kawaida ya mililita 330 ina kama gramu 35 za sukari, hivo ni vijiko vya chai karibu tisa. Sukari ya mezani nusu yake ni glukosi na nusu fruktosi. Glukosi inatumika na mwili mzima, misuli inaitaka, ubongo unaitaka. Fruktosi kazi yake kubwa inafanyika kwenye ini na kwenye utumbo mwembamba, na ini likishaipokea halina breki, enzaimu inayoanza kuishughulikia haiulizi kama nishati imeshatosha au bado, inaendelea tu, na kinachobaki kinageuzwa mafuta. Ukila tunda fruktosi inakuja kidogo kidogo ikiwa imeshikana na nyuzinyuzi, utumbo mwembamba unaimaliza yenyewe au karibu yote. Ukinywa kwa mkupuo inazidi uwezo, nyingine inapita kwenda kwenye ini na nyingine inashuka mpaka utumbo mpana, na huko chini kuna wenyewe wanaisubiri.

Hapa ndo bakteria wanaingia. Tunao matrilioni, wengi wako utumbo mpana. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwenye panya kwamba fruktosi inayofika huko bakteria wanaibadilisha kuwa asetiti, yani asidi ile ile ya siki, na hiyo asetiti inasafiri mpaka kwenye ini na inakuwa malighafi ya kutengeneza mafuta. Na mtu mjanja ataniuliza, mbona hata nyuzinyuzi bakteria wakizila wanatoa asetiti? Swali zuri sana. Asetiti peke yake haina kosa, tatizo ni pale inapofika wakati fruktosi yenyewe imeshaliamrisha ini liwashe mitambo ya kutengeneza mafuta. Amri na malighafi vinafika pamoja. Nyuzinyuzi hazitoi amri hiyo.

Alafu kuna jambo la jinsi ini lilivyounganishwa. Damu inayoingia kwenye ini, kama robo tatu hivi, haitoki moja kwa moja kwenye moyo, inatoka utumboni kwa mshipa mmoja mkubwa. Kwahiyo chochote kinachopenya ukuta wa utumbo, kiwe chakula, dawa au uchafu wa bakteria, wa kwanza kukutana nacho ni ini. Na ukuta wenyewe ni safu moja tu ya seli, juu yake ute. Baadhi ya bakteria wana kitu kwenye gamba lao la nje ambacho kinga ya mwili ikikiona inapiga kelele. Kikipenya kidogo kidogo kila siku, ini linakaa kwenye vita ndogo isiyoisha, na mafuta yaliyokuwa yamekaa kimya yanageuka kuwa ini linalowaka. Mwaka 2007 watafiti walilisha panya mafuta mengi kwa wiki nne na kile kitu kwenye damu kikapanda mara mbili mpaka tatu.

Na ute nao una kisa chake. Bakteria wako ni wapangaji, usipowalisha hawahami, wanaanza kula nyumba. Hii nayo imeonekana kwa panya, mwaka 2016, walinyimwa nyuzinyuzi na bakteria wakageukia ute wa utumbo wakaula, ukabaki mwembamba. Wakilishwa nyuzinyuzi wanatoa, pamoja na mengine, butireti, asidi nyingine ya jamii ya ile asetiti, na seli za ukuta wa utumbo mpana zinategemea hiyo butireti kwa sehemu kubwa ya nishati yao. Yani chakula chako hakilishi ukuta huo moja kwa moja, unalishwa na mabaki ya bakteria.

Sasa nirudi kwa wale wasiokunywa, maana hapa ndo stori inanoga. Mwaka 2019 watafiti wa China walipata mgonjwa mwenye ini bovu kweli kweli la aina hii, na alikuwa akila wanga au sukari analewa. Hajagusa chupa, pombe iko kwenye damu. Kwa kawaida tunamsingizia hamira ya tumboni, kwake dawa za fangasi hazikusaidia. Wakachimba wakamkuta bakteria anaitwa Klebsiella pneumoniae, aina yake inayotengeneza pombe nyingi, ndo anageuza chakula cha jamaa kuwa pombe kwenye utumbo, na pombe inapanda na ule mshipa niliousema moja kwa moja mpaka kwenye ini. Wakaangalia wagonjwa wengine wenye ini la mafuta, asilimia 60 walikuwa na bakteria wa aina hiyo wanaotoa pombe nyingi au ya wastani, wakati watu wazima wa afya waliokuwa nao ni wachache mno. Wakampa panya bakteria huyo, panya akapata ini la mafuta. Mimi nikisoma vile nawaza wale watu 20 wa 1980, pengine baadhi yao pombe ilikuwepo kweli, ila hawakuinywa.

Msinielewe vibaya lakini. Kundi lile la wagonjwa wa China lilikuwa dogo na la sehemu moja, na mengi niliyowasimulia leo ni ya panya. Panya wanaofugwa bila bakteria kabisa ukiwapa bakteria wa panya wa kawaida mafuta ya mwili yanapanda kwa karibu asilimia 60 ndani ya wiki mbili na hapo wanakula kidogo kuliko mwanzo, hiyo ni kazi ya mwaka 2004 ya maabara ya Jeffrey Gordon, mtafiti wa bakteria wa utumbo kule Marekani, ni kazi nzuri sana, ila hakuna kati yetu aliyelelewa kwenye kiputo. Kwahiyo mtu akikuuzia kopo la bakteria wa kusafisha ini, mwache aendelee na biashara yake wewe pita. Hakuna kopo lililoidhinishwa kutibu huu ugonjwa. Kwanza hao bakteria wageni mara nyingi ukiacha kumeza nao wanaondoka.

Ninachokiamini ni majaribio kwa watu. Kuna vijana 40 wa kiume wenye ini la mafuta, Marekani, matokeo yakatoka 2019. Nusu yao familia nzima ilipangiwa chakula kisicho na sukari ya kuongezwa wala juisi, kwa wiki nane. Mafuta kwenye ini yakashuka kutoka asilimia 25 mpaka 17. Wale wengine waliokula kama kawaida, kutoka 21 mpaka 20. Wiki nane tu! Na juisi imo humo, maana kuna watu wanaacha soda wanahamia kwenye juisi wanadhani wameokoka.

Jaribio lingine la China, 2023, watu 200, nusu yao wakapewa gramu 40 kwa siku za wanga ule usiomeng'enywa, unaofika kwa bakteria ukiwa mzima, kwa miezi minne. Mafuta ya ini yakapungua, hata ukitoa hesabu ya uzito waliopunguza. Wao walipewa unga maalumu, ila wanga wa aina hiyo upo kwenye maharage, kwenye ndizi mbichi, kwenye viazi vilivyopikwa vikapoa.

Na kwa wale mnaofurahi kwamba nimeyasafisha mafuta, subirini. Finland waliwalisha watu kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki tatu, wengine mafuta yale ya siagi na nazi, wengine ya zeituni na njugu aina ya pekani, wengine sukari. Mafuta ya ini yakapanda asilimia 55 kwa kundi la kwanza, 15 kwa la pili, 33 kwa sukari. Kwahiyo siagi nayo iangalie.

Uzito unabaki pale pale kuwa dawa kubwa. Cuba waliwafuatilia wagonjwa 293 kwa mwaka mmoja, chakula na mazoezi, na waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, tisa kati ya kumi ini likaacha kuwaka, na karibu nusu makovu yakarudi nyuma. Dawa za hospitali zimeanza kuja, ya kwanza iliidhinishwa Marekani Machi 2024, ila ni kwa wenye makovu tayari, siyo kwa kila mtu.

Swali la dada pale, ultrasaundi ikisema ini liko safi? Ultrasaundi inaona vizuri mafuta yakishakuwa mengi, yakiwa machache inaweza isione. Kinachoamua hatima yako hata hivo ni makovu kuliko mafuta, na kuna hesabu inayotumia umri wako, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, inaitwa FIB-4, daktari anaifanya na majibu ya damu ya kawaida tu. Kama una kisukari au kitambi, muombe akupigie hiyo. Mzee, wewe ulikuwa unauliza kuhusu kahawa? Wanaokunywa kahawa wanaonekana kuwa na makovu machache, tafiti nyingi zinakubaliana hapo, ila zimeangalia tu wanywaji, hazijathibitisha kahawa ndo inayofanya kazi. Kunywa mzee, bila sukari.