Sekunde Nne za Bercy: Alama ya Jimnastiki Hujengwaje, na Hupoteaje

Makocha, majaji mlio mafunzoni, wazazi na wapenzi wa jimnastiki, karibuni.

Leo nataka tuifungue fainali moja tu: mazoezi ya sakafuni ya wanawake, Olimpiki ya Paris, tarehe 5 Agosti 2024, ukumbi wa Bercy. Dhahabu alichukua Rebeca Andrade wa Brazili kwa 14.166, fedha Simone Biles wa Marekani kwa 14.133. Hao hawakuwa na mgogoro. Mgogoro ulikuwa chini yao, kwenye shaba, na hadi leo unawauma watu.

Kwanza tujue alama inatoka wapi. Kuna kapu mbili. La kwanza ni la ugumu. Kwa wanawake huhesabiwa vipengele vinane vilivyo vizito zaidi, kila kimoja na herufi yake: A ni 0.1, B ni 0.2, na kuendelea hadi J yenye 1.0. Juu yake huongezwa masharti manne ya utunzi, kila moja 0.5, na nyongeza za kuunganisha vipengele bila kusita. Kapu la pili ni la utekelezaji. Hili huanzia 10 na kushuka: kosa dogo 0.1, la kati 0.3, kubwa 0.5, kuanguka 1.0. Kinachobaki ni wastani wa majaji watatu wa katikati baada ya wa juu na wa chini kuondolewa, ndiyo maana mnaona mikia ya .033 na .066. Jumlisha kapu hizo mbili, kisha ondoa adhabu.

Mfano mzuri ni Biles mwenyewe. Ugumu wake ulikuwa 6.9, utekelezaji 7.833. Hapo ni 14.733, dhahabu tupu. Lakini zulia ni mita 12 kwa 12, na yeye alitua nje kwa miguu yote miwili, mara mbili. Kila mara 0.3. Akabaki na 14.133, na Andrade, ambaye ugumu wake ulikuwa pointi nzima chini, akampita kwa 0.033. Msiniambie tena kwamba mistari ile ni mapambo.

Sasa shaba. Ana Bărbosu wa Romania alipata 13.700: ugumu 5.7, utekelezaji 8.000. Mwenzake Sabrina Maneca-Voinea naye 13.700: ugumu 5.9, utekelezaji 7.900, adhabu 0.1 ya kugusa nje ya mstari. Wakilingana, mwenye utekelezaji wa juu hutangulia, kwa hiyo Bărbosu alikuwa wa tatu. Mtu wa mwisho kucheza alikuwa Jordan Chiles wa Marekani. Skrini ikaonyesha 13.666. Bărbosu akajifunga bendera na kuanza kushangilia.

Kocha wa Chiles, Cecile Landi, aliona 5.8 mahali alipotarajia 5.9. Pengo la 0.1 ni herufi moja, na alijua ni wapi: ule mruko wa kugeuka, ambapo mchezaji anaruka kwa mguu mmoja, anapiga msamba hewani, na mwili unamaliza mzunguko wake kabla ya kutua. Tuutazame kwa karibu, kwa sababu ndipo alama nyingi zinapoyeyuka. Msamba unatakiwa ufike nyuzi 180. Ukipungua hadi nyuzi 20 unakatwa 0.1, ukizidi hapo hadi 45 ni 0.3, na zaidi ya 45 kipengele chenyewe kinageuzwa jina, yaani kinahesabiwa kuwa kipengele kingine. Mzunguko nao haupimwi kwa mabega, maana mabega hufika mapema na kudanganya macho. Jaji anaangalia nyonga na mguu vinaelekea wapi wakati wa kutua. Mchezaji aliyechoka mwishoni mwa sekunde 90 hutua mapema, kisha anamalizia kuzunguka akiwa tayari chini, juu ya kidole. Kwa jaji makini, huo mzunguko wa chini hauhesabiki.

Landi akaomba mapitio ya alama ya ugumu. Jopo likatazama video, likakubali kipengele, ugumu ukawa 5.9 na jumla 13.766. Chiles akapanda jukwaani.

Kanuni ya Paris ilisema hivi: ombi la mdomo la mapitio hutolewa kabla alama ya mchezaji anayefuata haijaonyeshwa. Mchezaji wa mwisho hana anayemfuata, kwa hiyo kocha wake ana dakika moja tu tangu alama itokee. Romania ilikwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na tarehe 10 Agosti mahakama ikaamua kwamba ombi liliandikishwa baada ya dakika 1 na sekunde 4. Alama ikarudi 13.666, na Bărbosu akakabidhiwa shaba yake Bucharest tarehe 16. Wamarekani wakatoa video wakisema Landi alitamka ombi mara ya kwanza sekunde ya 47. Mahakama ilikataa kufungua upya shauri, na Septemba Chiles akakata rufaa Mahakama Kuu ya Uswisi.

Mimi lawama siwapi wasichana wala makocha wao. Mahakama yenyewe ilisema shirikisho la kimataifa la jimnastiki halikuwa na utaratibu wowote wa kukagua palepale kama dakika imepita. Saa ilirekodi, ila hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuitazama na kusema "muda umekwisha". Unawezaje kuweka sheria ya sekunde 60 halafu usiweke mlinzi wa sekunde hizo? Hilo linanikera kuliko yote.

Jambo la kusikitisha zaidi ni la Voinea, ambalo vyombo vingi vya habari vilipita juu yake. Picha za marudio zilionyesha kisigino kikikaribia mstari, na watu wengi waliona hakikutoka. Bila ile 0.1 angekuwa na 13.800, juu ya Bărbosu na juu ya Chiles kwa hesabu yoyote ile. Lakini mahakama ilimkatalia. Sababu ni kwamba jicho la jaji uwanjani haliguswi mahakamani, hata likikosea, isipokuwa kuna hila. Muda wa ombi si jicho, ni kanuni, kwa hiyo huo unaguswa.

Hili si jipya. Athens 2004, Yang Tae-young wa Korea Kusini alipewa thamani ya kuanzia (alama ya juu ambayo zoezi lingeweza kupata) 9.9 badala ya 10 kwenye vyuma sambamba. Alikosa dhahabu ya jumla, ile ya vifaa vyote, kwa 0.049, ikaenda kwa Paul Hamm wa Marekani. Shirikisho lilikiri kosa na kuwasimamisha majaji watatu, lakini matokeo hayakubadilika: malalamiko yalikuja yamechelewa. (Na wapo waliorudia video wakaona Yang alining'inia mara nne badala ya tatu, kosa la 0.2 ambalo hakuna aliyelikata. Ukifungua zoezi zima, huchagui utakachokikuta.)

Kwa makocha basi. Ingieni uwanjani na karatasi yenye vipengele vyote, herufi kando, na jumla ya ugumu chini. Wakati mchezaji anacheza, mtu wa pili awe anatia alama kipengele chenye shaka. Alama ikitokea, soma ugumu kwanza, jumla baadaye. Kama mchezaji wako ni wa mwisho, simama karibu na meza ya maombi ya mapitio kabla skrini haijawaka, na saa yako ianze inapowaka. Tamka ombi kwa sauti, taja jina na kifaa, na hakikisha anayepokea ameandika saa. Usiulize utekelezaji, hauulizwi, na usiulize alama ya mchezaji wa nchi nyingine. Kwa kanuni za 2024, ombi la kwanza lililipiwa dola 300, na likikataliwa hela hazikurudi. Fomu ya maandishi nayo ilitakiwa ifike ndani ya dakika 4, kwa hiyo kalamu iwe mfukoni mwako, si kwenye mkoba uliobaki chumba cha kupashia misuli.