Msizifunge Fungu Moja: Mazungumzo na Mafundi wa Mtwara Kuhusu Nyaya za Plagi

Mafundi wenzangu, nanyi vijana mnaojifunza kazi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie magari ya zamani. Nimechagua nyaya za plagi tu, zile zinazopeleka umeme wa kuwasha moto kwenye kila silinda, maana hapo tunaharibu kwa nia njema kabisa. Fundi anamaliza kazi kwenye Land Rover ya miaka ya sabini, kisha anazikusanya nyaya zote na kuzifunga fungu moja ili boneti likifunguliwa papendeze. Mwenye gari anafurahi. Siku anatoka Masasi kupanda Newala na mzigo, gari linaanza kupiga misi, silinda zinakosa kuwaka kwa zamu zake.

Waya wa plagi unapitisha umeme wa volti 20,000 na zaidi. Umeme huo ukipita, huamsha umeme kwenye waya mwingine uliolala sambamba nao, hata kama raba zote ni nzima. Kwenye injini ya silinda nne, inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, madhara ni madogo. Hatari yenyewe iko kwenye V8 ya Range Rover, yenye silinda nane katika safu mbili, zinazowaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Tazameni 5 na 7. Zinafuatana kuwaka, na tena ni jirani, upande mmoja wa injini! Nyaya zake zikilala pamoja, 5 ikipiga, 7 nayo inaweza kupata cheche nyuzi 90, yaani robo mzunguko wa krenki, kabla ya zamu yake, pistoni ikiwa bado inapanda kugandamiza petroli na hewa. Injini inagonga, pistoni inaweza hata kutoboka, halafu lawama anatupiwa muuza mafuta.

Kwa hiyo zitenganisheni, hasa hizo mbili. Zikilazimika kukutana, zikatane, zisilale pamoja. Tumieni vishikio vya plastiki. Waya wa chuma wa kufungia hula raba, na umeme ukapata njia ya kwenda kwenye bodi.

Urefu nao una maana. Injini inacheza juu ya raba zake. Koili, inayotoa huo umeme mkubwa, ikiwa imefungwa kwenye bodi, haichezi nayo, basi waya wa katikati, unaotoka kwenye koili kwenda kwenye distributa inayogawa umeme kwa silinda, uachieni ulegevu kidogo. Ulegevu ukizidi, waya utalalia manifoldi ya egzosi na kuungua.

Sisi wa pwani tuna chumvi. Chomoeni nyaya kwenye kepu ya distributa mtazame ncha: shaba ikiwa na kutu ya kijani, moto haufiki vizuri. Lakini shikeni kofia ya raba, msivute waya. Waya wenye uzi wa kaboni hukatika ndani, na kwa nje hamtaona kitu.

Mkitaka kujua waya unaovuja, ngojeni usiku. Zimeni taa, washeni injini, nyunyizieni maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, mikono mbali. Penye kuvuja mtaona cheche za buluu. Hapo badilisheni seti nzima, lakini mmoja mmoja. Mkizing'oa zote kwa pamoja mtapoteza mpangilio.

Gari liko hapo nje. Twendeni tufungue boneti.