Chora Ramani ya Galaksi kwa Kompyuta Yako

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachora ramani ya galaksi kwa data za Sloan, mradi wa kupima anga, zilizokusanywa kwa darubini ya mita 2.5 huko New Mexico, Marekani. Ni za bure kabisa.

Fungua SkyServer, tovuti ya data hizo, ingia sehemu ya SQL, lugha ya kuomba data, bandika amri hii mnayoiona. Tunachukua ra, dec na z. Mbili za kwanza zinataja galaksi iko wapi angani. Hiyo z ndiyo mhamo mwekundu: mistari ya spektra, yaani ya nuru iliyotawanywa kwa rangi zake, imesogea kiasi gani kuelekea upande wa nyekundu. Ulimwengu unapanuka, kwa hiyo z ikiongezeka na umbali unaongezeka. Class iwe GALAXY, zWarning iwe 0, yaani kipimo cha z hakina onyo, dec kati ya -2 na 2, z isizidi 0.15. Pakua, fungua Python, lugha ya programu, hapo mnapajua.

Sasa twende polepole. x ni z mara kosini ya ra. Y ni z mara sini ya ra. Lakini ra imeandikwa kwa digrii, na Python inataka radiani! Zidisha kwa pai, gawanya kwa 180, kabla ya kosini. Ukiacha, galaksi ya digrii 180 na jirani yake wa 181 zitatenganishwa kwa digrii 57 hivi. Picha itavutia, na itakuwa uongo mtupu. Narudia: radiani kwanza.

Chora. Eh, ngoja, kwenye kamera naona doa jeusi tii. Nukta ni kubwa mno. Weka ukubwa 0.1... haya, tazameni!

Nyuzi za galaksi, na kati yake uwazi mtupu. Miaka ile ya mwanzo, mafundi walichomeka kwa mkono nyuzi 640 za kioo, za kupitisha nuru, kwenye kila sahani ya alumini, tundu kwa tundu, ndipo nukta hizi zikapatikana. Mimi hupenda kusogeza picha hadi z ya 0.08, kwenye Ukuta Mkuu wa Sloan uliotangazwa 2003. Zidisha 0.08 kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, gawanya kwa 70, kasi ya ulimwengu kupanuka kwa kila megaparseki (kipimo cha umbali): megaparseki 343, kama miaka nuru bilioni 1.1 kutoka hapa.

Ukingoni nukta zinapungua kwa sababu galaksi hafifu za mbali hazikupimwa. Na mistari hii inayotuelekea sisi ni vishada, makundi ya galaksi: galaksi zake zinakimbia huku na huko, z inavurugika. Wanaastronomia huiita vidole vya Mungu. Msiifute, video ijayo tunaipima.