Nani Aliyekuchagulia Moto wa Nyumbani?

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine hamjambo. Asanteni kwa kuacha nyumba zenu zenye joto mkaja hapa Rotterdam jioni ya baridi kama hii.

Sisi tukisikia nishati ya nyumbani, akili inakwenda jikoni: mkaa, kuni, mtungi wa gesi. Huku hesabu imepinduka. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kupika huchukua kama asilimia 6 tu ya nishati yote ya nyumbani. Kupasha nyumba joto huchukua zaidi ya asilimia 60, na maji ya moto ya kuogea na kuoshea vyombo kama 15. Taa tunazowafokea watoto wazime ni kipande kidogo. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya familia wakati wa baridi, uliza inaota moto gani.

Na moto wenyewe hubadilika ukivuka mpaka. Norwei wanaota umeme wa maji, na tangu 2020 ni marufuku kupasha nyumba kwa mafuta. Iceland, nyumba 9 kati ya 10 zinapata joto la jotoardhi, ileile ambayo Kenya inaizalishia umeme kule Olkaria. Wahandisi wengi wa Kenya walikwenda kuisomea huko Iceland. Poland wameota makaa ya mawe miaka mingi, mpaka jiji la Kraków likapiga marufuku makaa na kuni majumbani kuanzia Septemba 2019, baada ya kuwasaidia watu gharama za kubadilisha majiko. Je, mtu wa Kraków alikuwa anapenda moshi? Hapana. Aliota kilichokuwa chini ya ardhi yake.

Tubaki hapa Uholanzi, maana ndipo tunapolipia bili. Mwaka 1959 iligunduliwa gesi nyingi sana karibu na kijiji cha Slochteren, mkoani Groningen. Wakati huo nyumba nyingi ziliota makaa ya mawe, mengine yakichimbwa Limburg, kusini. Serikali ikaamua gesi ifike kila mahali, mabomba yakafukiwa nchi nzima. Desemba 1965 waziri Joop den Uyl akaenda Heerlen, mji wa wachimbaji wenyewe, akawatangazia kwamba migodi itafungwa. Mwisho wa 1974 mgodi wa mwisho ulikuwa kimya. Miaka 15! Hakuna mama aliyekaa sebuleni akapima makaa na gesi. Bomba lilikuja likaingia.

Gharama nayo ilikuwa na mahali pake. Gesi ilipotolewa, ardhi ya Groningen ilianza kushuka na kutikisika. Agosti 2012 tetemeko la kipimo cha 3.6 liliwashtua watu wa Huizinge, na baada ya hapo familia zimeishi na nyufa ukutani huku zikivutana kuhusu fidia mwaka baada ya mwaka. Uchimbaji ulisimamishwa Oktoba 2023. Mimi jambo hili linaniuma hadi leo: joto lilikuwa la nchi nzima, nyufa zikawa za Groningen.

Denmark walipita njia nyingine. Mwaka 1973 mafuta yalipopanda bei, nchi ile ilikuwa ikitegemea mafuta ya nje karibu kwa kila kitu. Mwaka 1979 wakatunga sheria ya joto, halmashauri zikaanza kupanga mtaa kwa mtaa. Leo nyumba kama 2 kati ya 3 zinapata maji ya moto kutoka mtambo wa pamoja: kwa mfano mtambo wa umeme, au wa kuchoma taka. Ukimtembelea ndugu yako huko, shika bomba linaloingia kwenye hita ya ukutani, kisha shika linalotoka. La kuingia litakuunguza. La kutoka liwe vuguvugu. Kampuni nyingi za joto hutoza zaidi ukirudisha maji yakiwa bado moto, kwa sababu unarudisha joto ulilopelekewa bila kulitumia. Nawapenda kwa hilo: hata maji ya kurudi yana hesabu yake.

Sasa Uholanzi inakabili tena swali lilelile la miaka ya sitini: nyumba ziote nini? Tangu Julai 2018 nyumba mpya, kwa kawaida, haziungwi gesi. Kila halmashauri ilitakiwa kuwa na mpango wa mitaa yake kufikia mwisho wa 2021: huu utaota maji ya moto ya pamoja, ule pampu za joto, yaani mashine za umeme zinazovuta joto la hewani au ardhini na kuliingiza ndani.

Ninajitolea kuwasaidia watu kuziba nyumba zisivujishe joto. Majuzi niliingia kwa mama mmoja, mwenyeji wa Bujumbura, ghorofa ya tatu. Kanga mbili zimekunjwa chini ya mlango, pazia linacheza dirisha likiwa limefungwa. Tukabandika sponji kwenye fremu, pazia likatulia. Nikamuuliza kama mwenye nyumba amewahi kuwaandikia. Akaniletea mfuko wa karatasi za matangazo. Katikati yake kulikuwa na barua ya Kiholanzi: wanataka kubadilisha madirisha na kuondoa boila za gesi, wapangaji wajibu. Kwa jengo la nyumba 10 au zaidi, wapangaji asilimia 70 wakikubali, pendekezo huhesabiwa kuwa la haki. Barua ilikuwa haijafunguliwa, na zilikuwa zimebaki siku 9. Tuliijaza palepale mezani, kisha akapanda ghorofa ya nne kumgongea jirani.